Sindano za Meneja

Nianze na mkojo. Watu wakisimulia habari hii huanzia kwenye sindano, ndipo wanapoona utamu, lakini mimi ndiye niliyekuwa na tambara mkononi, na mimi naanza na mkojo. Paka mwenye kisukari anakunywa maji bakuli zima, anageuka, anakojoa bakuli zima, na hachagui mahali. Tena mkojo wenyewe unanata. Ukikauka sakafuni kandambili inagandia, ukiinua mguu unasikia *chwaa*. Mpaka leo nikiukumbuka ule mlio mwili unanisisimka.

Na mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wangu. Sasa hebu fikiria, dobi ananuka mkojo. Mteja mmoja alikuja kuchukua suti yake, akainusa, akanitazama, akainusa tena. Nikamwambia ni sabuni mpya. "Basi dada, rudia ile ya zamani," akasema, na sijamtia machoni tangu siku hiyo.

Paka mwenyewe anaitwa Meneja. Mama mkwe alikuwa opereta wa simu ofisini kwao miaka thelathini, na siku alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani, naye akaondoka pia na mtoto wa paka aliyekuwa akilala juu ya mafaili. Walimwita Meneja kwa sababu alilala mchana kutwa na bado watu walimpelekea maziwa. Saa iliharibika mwaka uleule, paka akabaki. Mama aliyezoea kuongea na watu kutwa nzima sasa hapigiwi simu na mtu ila binti yake, basi akawa anaongea na Meneja. Anamhadithia ndoto zake. Anamsomea gazeti, mpaka matangazo ya vifo. Halafu anambusu, tena mdomoni, mdomo uleule uliotoka kujilamba chini ya mkia sasa hivi. Mtu mzima! Nilikuwa natazama pembeni nisije nikatapika. Lakini nilijua kitu kimoja, na kila mtu pale nyumbani alikijua: paka yule akifa, mama yule atanyamaza, na hatakuwa na sababu ya kuamka asubuhi.

Kumdunga nilimdunga mimi. Mume wangu ni dereva wa lori, mwezi mzima yuko safarini, na hata akiwepo, akiona sindano anakwenda kukagua matairi. Mama mkwe mikono inamtetemeka. Wifi yangu, yaani huyo binti wa mama, alikuwa mtu wa ofisini, ana kucha ndefu za rangi, utamwambia nini huyo. Ikawa mimi, saa moja asubuhi na saa moja jioni, mwaka mzima. Unavuta insulini mpaka mstari wa pili, unabana ngozi ya shingoni, unachoma. Manyoya yanakugandia vidoleni, na yeye anakutolea ile pumzi yake ya samaki aliyechina.

"Mkono wako mwepesi, mwanangu," mama mkwe alikuwa akiniambia kila siku. "Hasikii hata maumivu."

Nilipenda kuambiwa hivyo. Nisiwe mnafiki.

Dawa alinunua wifi. Kila Jumapili alikuja na begi lake na marashi yake, akakaa ukingoni mwa kiti asichafuke, akaacha chupa mezani. Basi Jumapili moja akaja mikono mitupu.

"Wifi, nimeongea na daktari," akaniambia kwa sauti ya chini, mama yuko chooni. "Kuna insulini nyingine, hii wanayotumia watu. Anasema inamfaa paka vizuri tu, na bei yake haifiki nusu ya ile. Tubadilishe."

"Tubadilishe kwa nini?"

"Nafuu, wifi. Tusaidiane."

Nafuu! Nilimwangalia kuanzia kwenye nywele za kununua mpaka kwenye viatu. Moyoni nikasema, marashi hayabadilishwi, kucha hazibadilishwi, ila dawa ya paka wa mama ndiyo imekuwa mzigo. Nilimsonya hapohapo mbele yake. Akajifanya hakusikia, na hilo nalo likanichefua.

Wiki nzima nililitangaza. Nilimwambia mama mkwe, nikamwambia jirani, nikawaambia wateja waliokuja na mashati yao: dawa ya rahisi itamuua yule paka, mtaniambia. Mama mkwe alikuwa akisikia hivyo anamkumbatia Meneja kwa nguvu, na mimi naendelea kupiga pasi huku nimejaa raha. Ndiyo, raha. Kuwa na haki ni kutamu sana, hasa ukiwa huna kingine.

Jumamosi tukaenda kwa daktari wa wanyama, mimi na wifi na paka kwenye kikapu. Chumba cha daktari kina meza ya bati, na bati lina manyoya ya mbwa aliyetangulia, na tone la kitu cha njano ambacho hakuna aliyekifuta. Wifi akaitwa dirishani kulipa. Nikabaki na daktari. Ni mtu wa maneno machache, na yale machache anayasema polepole.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Hii dawa mpya imekolea kuliko ile. Ina sindano zake, hizi hapa, za kifuniko cha rangi ya chungwa. Zile zako za kifuniko chekundu katupe zote. Mistari yake ni ya dawa ile, hailingani na hii. Umenielewa?"

Maneno hayo leo nayajua kwa moyo kwa sababu yalinirudia baadaye. Siku ile yalipita. Nyuma ya kichwa chake, kwenye rafu, kulikuwa na chupa kubwa ya minyoo. Myeupe, mirefu, imejikunja kwenye maji yake, na kibandiko kinasema imetoka tumboni mwa mbwa mmoja. Mmoja! Nilikuwa nakitazama kile kitu na mate yamenijaa mdomoni, na nilichokuwa nataka duniani ni kutoka nje ya chumba kile.

"Nimeelewa, daktari," nikasema.

Nyumbani nilikuwa na boksi moja zima la sindano za zamani na jingine nusu. Na mimi, nikwambie ukweli, situpi kitu kizima. Sabuni naitumia mpaka inapotelea mkononi. Vifungo vya mashati mabovu nimejaza kopo. Kwangu kipya hakifunguliwi mpaka cha zamani kiishe, ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyoendesha udobi wangu. Nikaziangalia zile sindano mpya, nikaziangalia za zamani. Zote bomba, zote sindano, zote na mistari. Hawa watu wa ofisini kutupa tu ndiyo kazi yao, nikasema. Nikaziweka za chungwa kwenye droo, zingoje zamu yake.

Jumapili asubuhi nikavuta dawa mpya kwa sindano ya kifuniko chekundu, mpaka mstari wa pili, nikachoma. Jioni vivyo hivyo. Jumatatu vivyo hivyo. Jumatatu jioni Meneja aligoma kuchezea kamba yake, na mama mkwe akasema mwenzangu amechoka. Mimi nikasema, si ndiyo hiyo dawa yao ya rahisi.

Jumanne asubuhi nikamdunga kama kawaida. Kwenye saa nne hivi nilikuwa nakunja shuka za gesti, nyeupe, ishirini, nimezipanga mezani. Meneja akaingia anayumba. Miguu ya nyuma inakwenda upande wake, ya mbele upande wake. Akarukia meza, akakosa, akaning'inia kwa kucha kwenye shuka na kuliporomosha rundo zima, kisha akaanguka juu yake na kuanza kutapatapa. Povu likamtoka. Mkojo ukamtoka, na kinyesi, vyote kwenye shuka za watu. Macho wazi, hayaoni.

Mama mkwe alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima.

Nikakimbilia sukari. Daktari alishatufundisha hilo mwaka uliopita, akilegea ghafla mpakeni sukari kwenye fizi. Nikakoroga na maji, nikatia kidole mle mdomoni. Mdomo ulikuwa baridi. Unateleza, unanuka, meno yananikwaruza, na mimi nasugua tu, nasugua, povu linanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nilimfunga kwenye shuka moja, nikamshika mama mkono, tukapata teksi. Dereva alifungua madirisha yote manne.

Daktari alimtundikia maji ya sukari palepale mezani. Alituambia mashine yake imeshindwa hata kusoma sukari ya paka, imeandika tu kwamba iko chini. Mikono yake ilifanya kazi bila kusimama. Kisha, Meneja alipoanza kuhema vizuri, akanigeukia.

"Ulitumia sindano zipi?"

Kwenye kaunta nyuma yake kulikuwa na boksi wazi. Vifuniko vya rangi ya chungwa, vimejipanga. Nikaviangalia, na hapo, jamani, ndipo yale maneno yaliyopita Jumamosi yakarudi yote kwa pamoja. Imekolea. Hailingani. Katupe zote. Mama mkwe alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kichwa chake kwenye bega langu.

"Hizo mpya," nikasema.

"Za kifuniko cha chungwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Mpaka mstari wa pili? Una hakika?"

"Daktari, mimi si mtoto mdogo!" Tena nilimkaripia. Nilimkaripia mtu aliyekuwa anajaribu kunisaidia.

Akaguna, akaandika kitu. Mama mkwe akainua uso. "Ulisema," akaniambia. "Mwanangu, wewe ulisema itamuua. Hatukukusikiliza." Akatoa simu kwenye pochi, akampigia binti yake palepale, na sitayarudia aliyoyasema. Niseme tu kwamba watu waliokuwa wanangoja na mbwa wao waliinamisha vichwa.

Wifi alikuja nyumbani jioni ileile. Hakufika ndani. Mama mkwe alimsimamia mlangoni.

"Umeona mimi na paka wangu tunakula pesa zako. Umetafuta njia ya kupumzika. Haya, pumzika. Usikanyage hapa tena."

"Mama, daktari mwenyewe ndiye aliyesema..."

"Usikanyage!"

Mimi nilikuwa hatua tano nyuma yake, nimeshika pasi. Rangi za macho zilikuwa zinamchuruzika wifi mashavuni, na kamasi, na hakujifuta. Alinitazama mimi. Nafikiri alitegemea niseme neno, hata moja la kupoza. Nikainamia shati nililokuwa nalo. Nikaunguza kola.

Wifi alipoondoka nilichukua maboksi ya sindano nyekundu, zima na nusu, nikayafunga kwenye gazeti, nikaenda kuyatia kwenye pipa la jirani chini kabisa, chini ya maganda na majimaji yao. Mimi nisiyetupa kitu. Nilitia mkono mpaka begani kwenye uozo ule, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikusikia kinyaa. Nilikisikia nilipotoa mkono, nikasimama pale uani, nikajua hakitoki kwenye pipa. Nilioga mara mbili siku ile. Kesho yake mara tatu. Nilikuwa najinusa.

Daktari alimbakiza Meneja mpaka Ijumaa. Ijumaa akatuita wote, wifi pia kwa kuwa ndiye mwenye kulipa. Mama mkwe alikataa kuingia chumbani. Alikaa nje kwenye benchi la ukumbini, ameshika blanketi la paka mapajani, akasema hawezi kuangalia.

Ndani, Meneja alikuwa amelala kwenye meza ya bati, amekonda, ananuka ule utamu wake uliooza. Daktari alikuwa na karatasi mkononi.

"Hali ni hii," akasema. "Nimempa dozi ndogo mno, sukari haishuki vya kutosha. Na kumpandishia naogopa, kwa sababu kwa yuniti mbili tu nyumbani aliponea chupuchupu. Mwili wake hauelewani na dawa hii. Mrudisheni kwenye ile ya zamani."

Wifi akatikisa kichwa. "Siwezi, daktari."

"Hata kwa miezi miwili?"

"Sina kazi." Alisema hivyo akiwa anaitazama meza. "Ofisi ilitupunguza miezi mitatu iliyopita. Nimeuza friji, nimeuza kitanda cha wageni. Mama hajui. Sikutaka ajue, angesema Meneja asitibiwe." Akaziangalia kucha zake kana kwamba ni za mtu mwingine. Sasa ndipo nilipoona kwamba rangi ilikuwa imebanduka nusu, na chini yake kucha zimekatika. Wiki ngapi hizo nilizimulika na sikuziona.

Daktari alishusha pumzi. "Bila dawa atakwisha kwa mateso, atakauka huku anakunywa maji. Mkikubali, nampumzisha leo. Hatasikia kitu. Nahitaji sahihi moja."

Akamsogezea wifi karatasi na kalamu. Wifi akaishika. Akauliza, "Hapa?" na daktari akasema, "Hapo chini."

Nawaambia ukweli wangu wote, kwa sababu nimekwisha kujionea aibu na hakuna mwingine wa kuniaibisha. Sikusema mara moja. Nilimwacha aandike herufi ya kwanza. Nilikuwa nafikiria: akifa, imekwisha. Hakuna mkojo, hakuna sindano, hakuna atakayeniuliza tena. Nilifikiri hivyo kwa maneno mazima, nimesimama wima, na paka ananitazama.

"Nilitumia nyekundu," nikasema.

Hawakunisikia.

"Daktari! Sindano. Nilitumia zile nyekundu. Zilikuwa zimebaki. Nilikudanganya."

Kalamu ikasimama. Hesabu ikampita daktari usoni.

"Basi kila ulipodhani umempa mbili," akasema taratibu, "ulikuwa unampa tano."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Mbele ya mnyama anayekata roho, nikakuuliza mara ya pili."

"Ndiyo, daktari."

Akaichukua karatasi mkononi mwa wifi, akaichana mara mbili, akaitupa kwenye ndoo yenye pamba za damu. Hakunitukana. Alimgeukia wifi kana kwamba mimi nimekwisha kutoka, akamwambia dawa ile ya nafuu haina kosa lolote, paka hana kosa lolote, leo hii anampandishia dozi kidogokidogo kwa sindano zake, na baada ya siku chache atarudi nyumbani. Wifi akaweka uso wake kwenye manyoya yale machafu, akalia. Nikanyoosha mkono kumgusa bega.

"Usinishike," akasema. Hakupaza sauti. "Siku tatu, wifi. Ulinitazama pale mlangoni." Kisha akajifuta pua kwa mkono. "Nenda kamwambie. Mimi simwambii. Utamwambia wewe kwa mdomo wako."

Nikatoka. Ukumbini palikuwa na mzee mwenye kuku kwenye boksi, na mama mmoja na mbwa. Mama mkwe alikuwa palepale, blanketi limekunjwa pande nne mapajani. Aliponiona akafumba macho.

"Tayari?" akauliza.

"Hafi," nikasema. "Mama, Meneja hafi. Atarudi nyumbani."

Akafumbua macho, na furaha iliyokuwa mle sikuweza kuitazama. Nikapiga magoti sakafuni mbele yake, kwenye sakafu ile ya mikojo ya mbwa wa kila mtu, nikamwambia. Sindano, boksi, pipa la jirani, yote. Nilimwambia wifi hana kosa. Nilimwambia hana kazi pia, na friji, na kitanda. Kuku wa yule mzee alikuwa anakwaruza boksi muda wote, na hakuna aliyenikatiza.

Nilipomaliza, mama mkwe hakulia. Alikuwa analinyoosha blanketi kwa kiganja, ananyoosha palipokwisha kunyooka.

"Mkono kukosea si neno," akasema mwishowe. "Ungeniambia palepale, ningekupa pole, yakaisha. Hata angekufa, ningekupa pole."

"Mama, nisamehe."

"Ngoja. Jumanne nilimfukuza mwanangu, niliyemzaa mimi, na wewe unasikia. Nikarudi ndani natetemeka. Ukanishika ukaniketisha. Ukaniambia, mama, usijiumize kwa ajili yake, kula. Ukanipakulia. Ukakaa mbele yangu mpaka nikamaliza sahani."

Akalikunja tena lile blanketi.

"Nikala," akasema. "Nikala nikashiba, na nikakushukuru."

Akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, kwa nguvu, mara mbili. Kisha akainuka, akanipita pale chini nilipokuwa, akaingia ndani kwa binti yake.